Hati Iliyopakwa Mafuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata leo ninaposimama mbele yenu na moyo mzito.

Kaka yangu anaishi Ubelgiji. Alifungua kampuni hapa Lubumbashi, depo, yaani ghala la unga, kule Kamalondo. Mimi niliiendesha, na katika vyumba vya nyuma nilikaa na watoto wangu. Kwa kuwa mwenye kampuni yuko ng'ambo, alitakiwa awe na mwakilishi hapa mjini, mtu wa kupokea hati za serikali na za mahakama.

Jamaa tukakutana. Tulimchagua vile tunavyomchagua msemaji wa mahari: mwenye mvi, mwenye maneno mazuri. Tukamweka Baba Mukubwa, ndugu wa baba yetu, mzee wa kanisa hili. Nani angemkataa? Hakuna aliyemweleza kazi yenyewe.

Kisha mtu mmoja akatushtaki, akidai kiwanja cha depo ni chake. Mwito wa mahakama ukafika kwa Baba Mukubwa. Ndugu zangu, kwetu mwito wa mahakama ni aibu ya nyumba nzima! Hakumwambia mtu. Aliupaka mafuta ya maombi, akauweka chini ya Biblia, akafunga na kuomba. Kesi ikasikilizwa bila sisi, tukashindwa.

Hatukujua lolote mpaka mjumbe wa mahakama alipokuja na polisi.

"Mama, utoke inje na batoto. Hapa panafungwa."

Wakatia lakiri mlangoni. Mvua ilikuwa inanyesha, magodoro yetu yakalowa barabarani. Nilitaka kuomba, nikakosa maneno. Nilimkasirikia hata Mungu!

Wakili tuliyemwendea alisoma faili, akaona Baba Mukubwa ndiye aliyepokea mwito, akatuambia kesi inaweza kufunguliwa upya, ikiwa aliyepokea mwito atakiri mbele ya hakimu kwamba hakuufikisha. Nikaenda kwa Baba Mukubwa kumwomba akiri. Aliingia chumbani, akafunga mlango. Nilirudi nikilia, nikijua yamekwisha.

Lakini Bwana hashindwi! Siku ya kusikilizwa ombi letu mahakamani, mzee aliingia amevaa suti yake ya ibada, akasimama mwenyewe.

"Njo miye nilipokeaka ile karatashi. Nilisikiaka haya kuionyesha kwa jamaa. Niliwazaka nikiiombea, itaisha."

Watu walicheka. Na wa kanisa hili walikuwepo, wakacheka. Kesi ikafunguliwa upya, tukaonyesha hati za kiwanja, tukashinda. Watoto wangu wanalala ndani tena. Asante Yesu!

Sasa mwakilishi wa kaka ni wakili mwenye ofisi inayofunguliwa kila siku, na hati ikifika kwake, kaka anaijua siku hiyohiyo. Ombeni, ndugu zangu, ombeni sana, lakini hati ifikisheni kwa mwenyewe.

Baba Mukubwa hajakanyaga hapa tangu siku ile. Anaogopa kicheko chenu, na chakula amekipunguza. Bwana aliniokoa kwa kinywa cha mzee yule, nanyi mnamcheka! Mtumainini Mungu, yeye humtoa mtu hata ndani ya aibu. Ibada ikiisha, mimi ninakwenda nyumbani kwake.

Nani anakuja nami?