Mamake Ngowa Aanzie Wapi

Riyadh aliacha shule darasa la saba, na hakuna mwalimu aliyemfuata kumrudisha. Yeye husema walimwogopa. Siku hizi auza krispi za muhogo kwenye kona ya Mji wa Kale, kando ya baraza la mawe, na karatasi za kufungia huzichana kwenye kitabu kikuukuu cha fasihi alichouziwa kwa kilo. Husoma kwanza, ndipo akachana. Siku wateja wakiwa wengi huchana kwanza, ndiyo maana elimu yake ina matundu, lakini hapo kijiweni hakuna wa kuyaona. Alhamisi hiyo, baada ya alasiri, muuza kahawa alikuwa keshamimina duru ya kwanza, na kila mtu amemkazia macho Ngowa, karani wa stoo, aliyefiwa na mamake Jumatatu. Mazishi yalipangwa Jumamosi, kijijini. Yeye ndiye kifungua mimba, kwa hivyo ni lazima asimame mbele ya watu asome historia ya marehemu. Aliiandika, akampelekea mjomba wake picha kwa simu. Mjomba akajibu: hii imevurugika, ipange kabla ya magharibi ama nimpe mtu mwengine asome.

— Soma tena mwanzo, — Riyadh aliamuru.

Ngowa akasoma:

— "Ndoo ya maji iko mlangoni. Mama yuaniita, nina miaka sita. Daktari asema tungoje. Mama yuaniita, nina miaka thelathini. Mchicha waungua."

— Alizaliwa lini? — akauliza Morris. Morris afanya kazi stesheni, nao humwita Reli kwa vile apenda kila kitu kifuate njia yake. — Kwetu bara historia huanza na kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, ugonjwa. Halafu watu wanakula.

— Hiyo ni ratiba, Reli, — Riyadh akadakia. — Huyu hakuvuruga kitu. Ngowa ndugu yangu, ulichoandika kina jina lake, chaitwa mkondo wa fikra. Huandiki mambo yalivyofuatana, waandika yanavyokupitia kichwani. Kuna mwanafalsafa alisema wakati wa kweli hauko kwenye saa ya ukutani, uko ndani ya mtu.

— Na hivi vipande vipande? — Hilo lilikuwa swali la Kazungu, kuli wa gati ya Mbaraki, jina lake la kijiweni Winchi.

— Hapo ndipo wachoraji wanapoingia. Walichora uso mmoja kwa pembe zote, jicho la mbele na pua ya ubavuni, kwa mpigo. Waandishi wakaona wivu. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Buyu laingiaje hapa?

— Uso ndio buyu. Usinikatize.

— Mimi naona ni ndoto, — Kazungu akasema. — Juzi nilisinzia juu ya magunia ya saruji, nikaota msimamizi wetu amekuwa papai, na mimi ndiye niliyetumwa kulimenya.

— Kuna kundi zima la ndoto, wallahi, waandishi na wachoraji.

— Basi walikuwa makuli. Mtu wa kitandani haoti hivyo.

— Makuli kweli! Lakini kubwa lao ni vita. Vijana wa Ulaya walikufa kama siafu, na waliorudi wakaona hadithi iliyonyooka ni uongo. Wengine wakasema mtu ametupwa duniani peke yake, ajitafutie maana mwenyewe. Huo ni udhanaishi.

Ngowa aliinua uso.

— Na akijitafutia, huipata?

Riyadh alikuna shingo. Ukurasa huo ulikuwa umeshaondoka na krispi za Jumapili.

— Yategemea, — akasema. — Wewe mwambie mjomba kwamba mamako alizaliwa katikati ya hadithi.

— Hakuna anayezaliwa katikati, — Morris akasema, sasa kwa upole. — Ngowa, Jumamosi patakuwa na wazee waliokuja kumuaga dada yao. Wape njia ya kupita.

— Nimejaribu. Nikiandika "alizaliwa," kalamu yasimama, maana sikuwepo. Nikiandika "aliugua," yasimama vilevile. Nilikuwepo.

Ndipo Bi Mwanakuu, jirani wa nyumba ya tatu, akafika kununua krispi. Wakamwamkia, akaitikia, akaambiwa kisa kizima huku Riyadh akimpimia. Akamtazama Ngowa.

— Pole sana, mwanangu. Mamako alikuwa akicheka vipi?

Riyadh alifungua kinywa, kama kawaida yake. Akapekua wachoraji, akapekua ndoto na vita, asipate kitu. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona yule mama.

Ngowa akaweka karatasi chini. Akafunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, kicheko kikamvujia puani, akainama kama aliyefinywa ubavuni. Kazungu akacheka kabla hajajua acheka nini, Bi Mwanakuu naye akafuata. Ngowa alipoinuka macho yalikuwa yamelowa.

Simu ikalia. Sauti ya mjomba ilikuwa kubwa, baraza zima likaisikia.

— Umeipanga?

— Mjomba, nataka kuanza na kicheko chake. Nisimame, nifunike mdomo hivi, niinamie ubavu. Kisha ndipo nisome niliyoyaandika.

Mjomba akauliza:

— Wafunika kwa mkono gani?

— Wa kulia.

— La, — mjomba akasema, sauti imeshuka. — Dada yangu Kadzo alifunika kwa kushoto. Wa kulia haukuwa mtupu hata siku moja, ulishika ndoo ama mwiko. Anza hivyo, lakini kwa kushoto.

Ngowa akahamishia simu mkono wa kulia, akainua wa kushoto, akaujaribu mdomoni.