Nani Anamkatia Fundi Simu

Kijiwe chetu kiko kwenye kibaraza cha fundi cherehani, na siku hizi kimepoa kwa sababu mwenyewe kanuna. Kila jioni binti yake aliyeolewa ng'ambo humpigia simu ya video, na kila wakianza kuongea ya maana, picha inaganda, simu inakufa. Fundi kaamini kwamba binti ndiye anayekata, kachoka kumsikiliza mzee. Jana hakupokea, na leo katuambia hatapokea tena. Tukaona lazima tumtetee mtoto wa watu.

— Si binti, ni kampuni, akasema Redio, dereva teksi asiyezima mdomo. Jioni watu wengi, wanabana video ili wengine wapite. Haraka haraka haina baraka.

— Mbona hawasemi? Fundi akauliza.

— Waseme nini, na wao wanasikiliza? Mkigusa mambo ya ukoo wanawagandisha wanakili vizuri, halafu wanauza. Juzi nimetaja goti langu tu, simu ikaniletea tangazo la dawa ya kuchua. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Muuza kahawa akaapa kwamba kuna chumba chini ya ardhi zinakotunzwa sura zetu zote zilizoganda, midomo wazi.

Shangazi Swichi alicheka kwa huzuni. Yeye ndiye aliyeunganisha simu za mji mzima kwa mkono, enzi za waya. Jamani, enzi zile. Ulimsikia mwenyewe akikwambia subiri, mbele yako kuna mwenye mgonjwa. Alisikiliza pia, sote tulijua, wala hakuficha. Siku Fundi alipomwomba marehemu mkewe amkubali, kwa simu, bibie alinyamaza mpaka Shangazi akaingia kati: "Dada, mjibu basi, kuna foleni." Namkumbuka marehemu, na roho inaniuma.

— Ningekuwa bado pale, Fundi, akasema Shangazi, ningekwambia: si mwanao, laini imejaa.

Mgeni mmoja, aliyeleta suruali ipunguzwe, akaweka kikombe chake chini.

— Samahani wazee wangu. Sasa hivi pale alipokuwa akikaa Shangazi kakaa nani, tumuulize?

Redio akaigeuza simu yake, akaikagua nyuma.

Simu ya Fundi ikaanza kuita kando ya cherehani. Akaiangalia, ikaita, ikaita. Akapokea.

— Mwanangu, akasema kabla picha haijatokea, ikikatika nitajua si wewe. Na wewe ujue si mimi.