Bi Hodi, Aliyeufungua Msimbo wa Oda

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mtengeneza programu mkuu wa timu ya oda anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Vyeti vyake vina jina jingine, lakini humu ofisini sote tunamwita Bi Hodi.

Alianza kazi wakati ghala letu la dawa lina kompyuta mbili na feni moja, na ugomvi mkubwa ulikuwa wa feni. Kampuni ilipokua, kila timu ilipata chumba chake, programu yake na wivu wake. Oda, magari na ghala wakawa majirani wasiotembeleana. Msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, ulisomwa na wenyewe tu.

Shida ilijitokeza kwenye dawa zinazotunzwa kwenye baridi. Programu ya magari ilichanganya zahanati mbili zenye majina yanayofanana, chanjo zikawa zinazungushwa mjini hadi zinaharibika. Muuguzi wa zahanati moja alipiga simu kila wiki, na aliyepokea ni Bi Hodi. Aliiomba timu ya magari irekebishe. Akaambiwa asubiri zamu. Akaomba basi aonyeshwe msimbo, arekebishe mwenyewe. Mkuu wa timu hiyo, tunayemwita Jemadari, alimjibu mbele za watu: “Jikoni kwangu haingii mtu.”

Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa amewarudisha kina mama nyumbani, watoto mgongoni, bila chanjo. Bi Hodi alikasirika, lakini hakugombana. Alifungua jiko lake mwenyewe. Akifuata desturi za programu huria, ambazo kwazo yeyote huruhusiwa kusoma msimbo na kupendekeza mabadiliko, aliuweka msimbo wa oda wazi kwa kampuni nzima. Akaeleza namna ya kuleta pendekezo, nani atalikagua, na kwamba hakuna atakayeachwa bila jibu. Mgeni apige hodi, mwenye nyumba ataamua. Jina likamganda hapo.

Wenzake walinung'unika kwamba amewaletea wageni wenye matope miguuni. Hawakukosea kabisa. Pendekezo moja la watu wa ghala, alilolipitisha yeye, lilisimamisha oda asubuhi nzima, na uongozi ukataka milango ifungwe. Kikaoni alikiri kwamba alikagua harakaharaka. Kisha akaeleza kuwa waliolibaini kosa na kulirekebisha ni watu wa magari, ambao zamani wasingeweza hata kuliona. Milango ikaachwa wazi. Wiki iliyofuata Jemadari aliufungua msimbo wa magari.

Bi Hodi alituma marekebisho ya zahanati siku hiyohiyo. Jemadari akayarudisha. Akayarudisha tena, akitaka majaribio zaidi. Sisi tulishakaa mkao wa kutazama vita. Bi Hodi alisoma maoni, akacheka, akasema, “Ana haki, nina pupa,” akarudi kazini. Safari ya tatu yalipokelewa, na chanjo zikaanza kufika salama. Baada ya hapo muuguzi alipiga simu mara moja tu, kuuliza kama Bi Hodi mzima, maana walikuwa hawajasemezana siku nyingi.

Leo timu zetu zote hufanya kazi hivyo, na tumejifunza kukosoa kazi pasipo kumkosoa mtu. Mume wake, fundi saa, anasema anachohofia ni ukaguzi kuhamia nyumbani. Tayari mchuzi alioupika umerudishwa pamoja na maoni kuhusu chumvi.

Mwezi uliopita alikabidhi ukaguzi wa msimbo wa oda kwa watu watatu wa timu tatu, Jemadari akiwa mmoja wao, kisha akajivua idhini ya kupitisha mabadiliko. Pendekezo la kwanza kuletwa baada ya hapo lilikuwa lake. Alikaa akisubiri jibu kama sisi wengine, akichungulia kioo cha kompyuta kila baada ya chai.

Bi Hodi, ahsante kwa kazi na kwa subira. Tunakuombea afya, furaha ya nyumbani na asubuhi zisizo na haraka. Pendekezo lako limepita.