Kosa Moja Katika Kila Kipindi

Marehemu baba yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1974, sekondari mwaka 1978, na chuo cha ualimu mwaka 1981.

Januari 1982 alianza kufundisha hisabati katika shule ambayo hakuihama hadi alipostaafu, mwaka 2021. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kosa. Kila kipindi aliandika jibu moja baya ubaoni, makusudi, kisha akaendelea kama hakuna kitu. Darasa zima lilikaa macho kumwinda.

"Mwalimu, umeteleza hapo!"

"Nimeteleza au nimesukumwa?" alizoea kuuliza, huku akifuta.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimwoa mama yetu, karani wa posta. Mama husema Baba alinunua stempu nyingi kuliko barua alizowahi kuandika.

Mwaka 2019 shule ilipata projekta na vishikwambi, naye akaombwa arekodi masomo. Akasimama peke yake katika maabara tupu mbele ya kamera. Alijumlisha nusu na theluthi, akaandika mbili juu ya tano, akangoja. Kamera haikusema kitu. Akaendelea na mfano uliofuata, na kosa likabaki.

Mtihani ulipofika, karatasi kumi na tisa zilikuwa na jibu lile lile.

"Lakini video ndiyo imesema, Mwalimu," mmoja alijitetea.

Katika mtihani huohuo, binti aliyekaa nyuma miaka miwili bila kuinua mkono alipata themanini na moja. Alikuwa akirudia kila mfano wa video mara sita, bila mtu wa kumcheka. Baba alileta karatasi zote nyumbani, akazitazama jioni nzima.

"Mama watoto, chombo hiki kimenisaidia au kimeniharibia?"

"Mimi ningejuaje? Mimi ni mtu wa posta."

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022. Akiwa wodini alimwomba kitinda mimba wetu simu, arekodi sahihisho la video ile. Alianza mara nne, akaacha mara nne.

"Nikisahihisha mwenyewe, wao watafanya nini?"

"Na usiposahihisha, baba?"

Aligeukia ukuta. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi.

Alhamisi mwalimu mkuu alimpigia mama simu: video ifutwe au ibaki? Mama alisema ibaki, ila isimamishwe penye kosa. Kisha akatuuliza kama amefanya vyema. 

Jana shuleni walijaribu. Kwa projekta, Baba alisimama ukutani, chaki mkononi, mbili juu ya tano nyuma yake. Mwishowe mtoto mmoja akasema polepole, "Samahani, nadhani marehemu amekosea." Wenzake wakamgeukia kwa hofu, kisha wakaanza kubishana wote kwa pamoja.

Ameacha mjane, dada mmoja, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu watano. Apumzike, na amani imfunike.