Vikombe vya Mama Kituo

Mama yetu mpendwa, ambaye madereva wote walimwita Mama Kituo, alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, kifungua mimba wa mchimba visima. Baada yake alizaliwa mdogo wake mmoja tu, mjomba wetu, aliyeketi pale mbele.

Alisoma hadi darasa la saba. Hesabu zilimpiga chenga, lakini sura ya mtu hakuisahau. Ukipita mara moja ukarudi baada ya miaka kumi, alikuuliza, "Lile jino lilipona?"

Mwaka 1972 aliolewa na baba, dereva wa lori, wakafungua banda la chai jangwani, pale lami inapoishia. Lilikuwa na mabati, mabenchi mawili na pipa la maji, na mbele yake siku nzima ya mchanga mtupu. Mama alikuwa na utaratibu wake. Msafiri akiondoka, kikombe chake kilioshwa, kikafudikizwa rafuni, mdomo chini. Hakikugeuzwa mpaka dereva atokaye upande wa pili aseme, "Amefika." Siku mbili zikipita kimya, watu walitoka kumtafuta. Wageni walipiga picha rafu ile wakicheka. Mama aliwaambia, "Cheka, mwanangu, lakini chako nacho nakifudikiza."

Baba aliondoka tarehe 14 Machi 1988. Kesho yake mjomba, naye dereva, alitokea upande wa pili akasema, "Dada, shemeji nimemwona, amefika." Kumbe lori aliloliona kwa mbali lilikuwa jingine, la buluu kama la baba. Mama akakigeuza kikombe, na hakuna aliyetoka kutafuta. Baba alipatikana siku ya sita, kivulini mwa lori lake, dumu la maji likiwa kavu.

Mama hakumfokea mjomba hata siku moja. Wala hakugeuza tena kikombe kwa neno lake. Kwa miaka thelathini na sita mjomba alikunywa chai akiipa rafu mgongo, na sote tulijua kwa nini. Niseme ukweli, banda lile liliniogopesha. Kila saa kumi alasiri mama alisikia lori likipunguza gia, akatoka na kikombe cha baba, kimejaa chai. Barabara ilikuwa tupu. Alirudi, akakiosha, akakifudikiza.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba 2023. Tarehe 2 Juni 2024, saa kumi alasiri, alinishika mkono. "Umesikia?"

Nikasema hapana. Nilidanganya, Mungu anisamehe. Nilisikia gia zikishuka nje, na nikaogopa.

"Kikombe changu akigeuze mdogo wangu," akasema. "Yeye akisema nimefika, mwaminini."

Saa kumi na nusu alikata roho.

Ameacha mabinti wawili, wajukuu watano na mdogo wake. Mama, pumzika, safari imekwisha.

Kikombe chake kiko hapa juu ya jeneza, kimefudikizwa. Mjomba, njoo. Tunasubiri neno lako.