Mkanda wa Ng'ombe Aliyeshtakiwa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili na Burudani. Mama uliyeambatana naye. Wakubwa wote mliopo, shikamooni.

Sisi watazamaji wa kebo ya vichekesho, nyumba thelathini na nane za hapa Ifakara, tunafurahi kukupokea leo, Juni 1998, umoja wetu unapotimiza miaka miwili. Hatukuoni kama mgeni sana. Nyumba yako ni ya kumi na nne kwenye waya.

HISTORIA YETU

Kebo ilianzishwa na fundi redio Evodius, aliyefunga dishi juu ya bati la duka lake na kuvuta waya nyumba hadi nyumba. Chaneli ya kwanza ilikuwa ya habari na mpira. Ya pili, ya vichekesho, ilitoka kwenye deki ya video iliyokaa juu ya kabati lake. Ufundi alikuwa nao. Kupanga vipindi kulimshinda. Aliweka mkanda wowote ulioangukia mkononi mwake. Siku moja ukatoka mkanda wa mazishi ya mtu tusiyemjua, nasi tukautazama hadi mwisho kwa heshima.

Jirani yake Digna, fundi cherehani, ndiye aliyemwambia kwa upole kwamba hata kuchekesha watu kunataka ratiba. Evodius akamwachia kazi hiyo. Digna akaandika kwa chaki kwenye kipande cha ubao: Jumatatu vichekesho vifupi, maana watu wamechoka na shamba, Ijumaa virefu, Jumapili visivyo na matusi, maana watu wametoka misani. Jioni alipita mtaani taratibu kama anayekwenda dukani, akisikiliza madirishani. Kipindi kilichopita nyumba tatu bila kicheko hakikurudi tena.

MAFANIKIO

Masika ya mwaka huu barabara ilikatika, mikanda kutoka Dar es Salaam ikakwama. Digna hakutaka saa ya vichekesho ipite kimya. Akaazima kamera ya harusi, akatunga igizo lake mwenyewe: ng'ombe anaingia kwenye mpunga na kupelekwa mbele ya baraza.

Mayunga, mfugaji, na Faustin, mkulima, walikuwa hawajasalimiana mwaka mzima kwa kesi ya namna hiyohiyo. Digna aliwafuata mmoja mmoja, akawabembeleza wacheze, ila kwa kubadilishana: mfugaji awe mkulima, na mkulima awe mwenye ng'ombe. Kila mmoja alikubali upesi, akidhani amepata nafasi ya kumwiga mwenzake na kumkomesha. Siku ya pili ya kurekodi walikuwa wanakumbushana maneno. Siku hizi wanasalimiana, na mwezi uliopita Faustin alipelekewa maziwa.

Mwenyekiti wa baraza alichezwa na Marcelino, shemeji yake Digna. Anapokea jogoo kwa mlalamikaji, anapokea jogoo kwa mlalamikiwa, kisha anamtoza faini ng'ombe. Jioni igizo liliporushwa, Digna alipita mtaa mzima, na hakukuta dirisha lililonyamaza.

CHANGAMOTO

Siku ya tatu baada ya hapo ilikuja barua ya Kamati: kipindi kisimame na mkanda uwasilishwe, kwa kuwa unamdhihaki kiongozi. Mgeni rasmi, tunasema kweli. Mpaka barua inafika, hapakuwa na hata nyumba moja iliyojua ni kiongozi gani. Mwenyekiti wa kwenye igizo ni mnene, na anavaa saa kila mkono. Wewe unavaa moja.

Digna aliuleta mkanda ofisini kwako mwenyewe. Ulikuwa huo huo mmoja, hauna nakala. Ukamuuliza yule mwenyekiti ni nani.

"Ni shemeji yangu Marcelino, mheshimiwa."

"Nauliza kwa kweli ni nani."

"Kwa kweli pia ni Marcelino."

Alirudi kwenye cherehani yake, na jioni hiyo alishona mikono miwili ya kulia kwenye blauzi moja. Adhabu hakuiogopa sana. Kilichomuuma ni kufikiri kwamba amemuumiza mtu bila kukusudia. Akaufuta ubao. Tangu hapo chaneli ya vichekesho inaonyesha mkanda wa ufugaji wa nyuki, nasi kuhusu nyuki sasa hatuna swali.

Jumapili iliyopita, saa kumi alasiri, Digna alileta nyumbani kwako gauni la mama, hilo alilolivaa leo na lililompendeza. Alipiga hodi mara tatu. Hakuitikiwa, kwa sababu ya vicheko vilivyokuwa ndani. Mlango ulikuwa wazi. Aliona deki, akaona igizo lake, akamwona mgeni rasmi ameshika mbavu, machozi yanamtoka. Mama alikuwa anasema, "Baba Kandida, rudisha tena pale anapopokea jogoo wa pili."

Digna aliweka gauni kwenye kiti cha barazani, akaondoka kwa kunyata. Alipofika mbali na nyumba alikaa chini pembeni mwa njia, akacheka peke yake, kisha akalia kidogo. Alituomba tusimwambie mtu. Hatujamwambia mtu, hapa tupo wenyewe tu.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mawili. Asubuhi ya leo imetubidi tulifute la kwanza, la kurudishiwa mkanda. Digna alipofungua kibanda chake cha kushonea alikuta mfuko umening'inizwa mlangoni. Ndani mlikuwa na suruali ya kupunguzwa urefu, na katikati ya suruali, mkanda. Barua ya ruhusa haikuwemo.

Limebaki la pili, nalo ndilo hiyo barua. Iwe fupi tu. Ile ya kwanza bado inasema marufuku, na Digna ni mtu wa kufuata sheria. Akiipata leo, ng'ombe atasimama mbele ya baraza Jumatano saa moja jioni, na nyuki watapumzika.

Mungu akujalie afya wewe na mama, aibariki nyumba yenu na nyumba zote zilizo kwenye waya. Suruali itakuwa tayari Alhamisi.

Ni sisi,
Umoja wa Watazamaji wa Kebo ya Vichekesho,
Ifakara.