Ami Hamdun na Karatasi ya Washona Kofia

Alhamisi ijayo, baada ya miaka thelathini na moja, Bwana Hamdun bin Khattab anastaafu kazi ya kuwasemea wafanyabiashara wa mkoa wetu wa Sharqiyah, Omani, mbele ya wakubwa wa kodi. Hapa ofisini Ibra tunamwita Ami Hamdun. Wasifu huu nimepewa mimi, mwanafunzi wa mazoezi, kwa kuwa kusema mbele za watu siwezi.

Alizaliwa Unguja, akaletwa Ibra akiwa mdogo, na Kiarabu chake kilichekwa. Akazihifadhi sheria za kodi kifungu kwa kifungu. "Wacheke matamshi," husema, "vifungu hawaviwezi." Wauza mbegu wa kijiji cha Samad walipotozwa kodi kama maduka makubwa, alikwenda Maskati mara tisa. Mara ya kumi wakaachiwa.

Siri yake ilikuwa subira. Hataji kodi mpaka kahawa imalizike: kwanza atamuuliza mwenyeji hali ya wazee, mitende, mvua. Wakubwa walimpenda kwa hilo, nasi tukimtania kwamba amekunywa mapipa kwa ajili yetu.

Mwezi wa tano tulikwenda Maskati, kwa bwana mmoja wa kodi, kuwaombea wanawake wanaoshona kofia majumbani na kuziuza soko la Jumatano, wasiandikishwe kama wenye maduka. Garini alinambia, "Mwanangu, mimi nikianza maneno sikomi. Ukimuona bwana anatazama saa, mpe karatasi hii ya majina yao."

Bwana alitazama saa. Akatazama tena. Karatasi ilikuwa mapajani mwangu na mkono haukunyanyuka. Ningeweza kusema nimefunzwa kutokata maneno ya wakubwa. Kweli yenyewe, niliona haya tu. Bwana akaitwa kikaoni, na jioni ile orodha ya wanaosamehewa ikafungwa mpaka mwakani.

Ami Hamdun aliwaendea wanawake wote kumi na mmoja, mlango kwa mlango, akasema kosa ni lake. Bi Ghalia, mkubwa wao, akamjibu barazani: "Kahawa ya Maskati ilikuwa nzuri, Hamdun? Maana tunaoilipia ni sisi."

Aliinamisha kichwa, hakunitaja. Tulipotoka nilitaka kurudi nikaseme. Akanizuia: "Nyamaza, Hiba. Wewe ndio kwanza unaanza. Mimi naondoka." Nikanyamaza, na mpaka leo najuta.

Sasa nasikia Bi Ghalia na wenzake wamesema hawaji kumuaga. Ami mwenyewe amesikia; amenambia viti kumi na moja vya mbele viondolewe, visije vikaonekana vitupu. Sikuviondoa.

Kwa hiyo naandika hapa, kwenye jarida linalofika kila duka la Ibra, kile ambacho mdomo wangu haukuweza: aliyewakosesha ni mimi. Yeye alikuwa amepanga kila kitu sawasawa.

Ami Hamdun, tunakushukuru kwa miaka yote uliyotusemea. Mola akujaalie afya, na watu wakusalimie kwa furaha kila upitapo sokoni. Nisamehe kwa kutokutii.

Na nyinyi mama zangu, shikamooni. Njooni Alhamisi baada ya Alasiri. Mkija na hasira, mimi nitakuwa mlangoni.